Kivuli cha Namba Tisa

Asubuhi ile mke wa Sekunde aliamka kabla ya jua, akatandika kitanda, akauweka mto upande wa dirishani, kisha akakaa kwenye kigoda kungoja kivuli.

Alikuwa amekingoja kwa zaidi ya miezi kumi. Kila mwaka, jua linapofika mwisho wa mzunguko wake, huchomoza nyuma ya mtambo wa upepo ulioandikwa namba tisa, na kwa majuma saba kivuli cha mapanga yake huingia chumbani kwake kuanzia saa moja na dakika kumi asubuhi mpaka saa mbili kasorobo. Hupita kwenye pazia, huteleza ukutani, hukata mto katikati, hutoka. Hujamaliza kupepesa jicho, kingine kimeshaingia. Watoto wa mtaani waliiita mitambo ile mapangaboi, kama feni za darini. Wenye bidii ya kusoma mabango waliiita Mradi wa Nishati Safi. Marehemu mumewe, fundi saa aliyeitwa Sekunde tangu ujana wake, alishughulika na huu mmoja tu, akauita Namba Tisa, kama mtu anavyomtaja jirani mkorofi ambaye hawezi kukaa siku mbili bila kumwona.

Jua likachomoza. Kivuli kikaja, kikatua juu ya mto. Kikakaa hapo hapo.

Mwanamke akangoja. Alidhani upepo umelala. Akainuka kuchungulia: mashuka ya jirani yalikuwa yanapigwa na upepo hadi yamejisokota kwenye kamba. Namba nane ilikuwa inazunguka, namba kumi inazunguka, na Namba Tisa imesimama katikati yao kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alipogeuka, kivuli cha panga moja kilikuwa bado kimelala kwenye mto, kinene, hakina haraka. Mpaka saa mbili kasorobo kilikuwa kimesogea kiasi cha shubiri moja, tena kwa sababu ya jua.

Ndipo alipokumbuka barua.

Ilikuwa imeletwa mwezi mmoja na nusu baada ya mazishi, nayo ilikuwa na jina la mumewe. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kufungua barua yake, akaona si vizuri aanze sasa ambapo mwenyewe hawezi kumgombeza. Aliitia kwenye droo ya saa ambazo wenyewe hawajazifuata. Sasa akaitoa, akaichana.

“Ndugu Mlalamikaji,” barua ilisema. “Tunathamini maoni yako. Tunafurahi kukujulisha kwamba ombi lako kuhusu mzunguko wa kivuli limekubaliwa. Katika msimu husika, mtambo namba tisa utasimamishwa kila asubuhi kwa ajili ya utulivu wa familia yako. Tunakutakia afya njema.”

Akaisoma mara mbili. Ile ya pili aliisoma kwa sauti, kuelekea kwenye mto.

*

Malalamiko yenyewe ni kweli yalikuwepo. Aliyaandika yeye kwa mkono wake, Sekunde akitamka, halafu Sekunde akatia sahihi yake ile yenye mkia. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa mitambo. Wakati ule fundi alikuwa mzima, meza yake ya kazi ipo chini ya dirisha hilo hilo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na kibanio mkononi. Kuokota skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mchanga ni kazi hata penye mwanga uliotulia. Penye mwanga unaokonyeza mara arobaini kwa dakika, ni vita.

“Andika,” alimwambia mkewe. “Andika kwamba nimepoteza skrubu saba kwa wiki moja, na moja nahisi nimeimeza.”

“Hiyo ya kumeza nayo niiandike?”

“Iandike. Wenye ofisi wanapenda madhara.”

Barua ikatiwa kwenye sanduku la maoni kwenye lango la mradi. Msimu ukapita, jua likahama, kivuli nacho kikaondoka, na jibu halikuja. Baada ya miezi minane akaja mtu kumwita Sekunde: ufunguo wa sanduku la maoni ulikuwa umepotea tangu afisa wa kwanza alipoacha kazi, na hakuna mwingine mwenye bisibisi nyembamba namna ile. Fundi akaenda, akafungua kufuli kwa dakika nne. Ndani, chini kabisa, palikuwa na barua yake mwenyewe, imegandana na ganda la peremende.

Alirudi nyumbani akicheka hadi akashika ukuta.

“Sasa si ungewapa mkononi?” mkewe alimuuliza.

“Niruke foleni? Nimeirudisha pale pale chini, nikafunga. Waanze na wa juu.”

Mwaka wa pili kivuli kilipoingia, kilimkuta amelala. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchelewa, ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa namna ya fundi. Meza ya kazi iliondolewa, kitanda kikasogezwa dirishani, na kile kivuli alichokuwa akikitukana kikawa mgeni wake pekee asiyemuuliza anaendeleaje. Alikihesabu kwa saa yake ya mkono. “Leo arobaini na mbili kwa dakika,” angesema. “Upepo mzuri. Wale wa mbali leo watavuta moshi kwa raha.”

Maana alikuwa ameelezwa mradi ule unavyofanya kazi, naye akamweleza mkewe kwa njia yake. Umeme wa upepo hautoi moshi. Moshi huo ambao haukutoka unapimwa kwa tani na kuandikiwa cheti. Kampuni iliyoko mbali, yenye moshi wake mwingi, inanunua hizo tani, halafu inasema mbele za watu kwamba ni safi.

“Yaani,” alisema Sekunde, “mtu anakula kitunguu kule, sisi tunapiga mswaki kwa niaba yake.”

Siku moja akamshika mkewe mkono. “Kaifute ile barua. Wasije wakaisoma sasa, wakanizimia mtambo.” Mkewe akaenda. Ofisini wakamwambia, kwa adabu zote, kwamba malalamiko hayo bado hayajapokelewa, na kitu kisichopokelewa hakiwezi kufutwa. Arudi yakishapokelewa.

Yalipokelewa siku nne baada ya mazishi.

*

Afisa uhusiano wa mradi alikuwa binti mwenye moyo mzuri na bahati mbaya ya kufundishwa kuanza kila sentensi kwa neno moja. Mtaani walimwita Tunathamini. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, feni ya ofisini haizunguki, na yeye alikuwa akijipepea kwa jalada la taarifa ya mwaka.

“Karibu mama. Tunathamini sana ujio wako.”

“Asante mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Namba Tisa. Mmeizima.”

Uso wa binti ukang’aa. “Umeona? Tumeanza leo! Kuanzia saa moja kamili, kila siku, majuma saba.”

“Iwasheni.”

“Samahani?”

“Iwasheni, mwanangu. Iacheni izunguke kama zamani.”

Tunathamini akaweka jalada chini. “Mama, huwezi kulalamika kwamba malalamiko yako yamesikilizwa.”

“Si yangu. Ni ya mume wangu.”

“Basi ni rahisi! Anayeweza kuyafuta ni yeye mwenyewe. Aje tu na kitambulisho chake, tuta…”

Mke wa Sekunde alikuwa anamtazama bila hasira.

“Ulikuja msibani, mwanangu. Ulileta shada lenye nembo ya mradi.”

“Nisamehe, mama.” Binti akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. “Nisamehe sana. Ni kwamba kwenye kompyuta bado yupo.”

“Yupo?”

“Yupo. Imeandikwa: mlalamikaji hai, ameridhika, inasubiriwa sahihi.”

Ilikuwa habari njema ya kwanza kuhusu mumewe tangu alipomzika, akataka kuishika japo kwa muda mfupi kabla ya kuirudisha.

Binti akamweleza yaliyobaki. Alhamisi, tarehe kumi na sita, angekuja mkaguzi wa cheti kutoka mbali, kwa ndege mbili na gari moja. Angekagua umeme uliotolewa na tani za moshi ambao haukutoka, na pia kama mradi unawasikiliza wakazi. Malalamiko yaliyoandikishwa yalikuwa kumi na saba. La vumbi la barabara, linashughulikiwa. La bomba la maji lililoahidiwa, linashughulikiwa. La mbuzi aliyegongwa na lori, linashughulikiwa. Lililomalizika kabisa lilikuwa moja tu, la kivuli. Meneja alikuwa ameshalitengenezea bango. Tunathamini akalikunjua: ilikuwa picha ya nyumba ya Sekunde, dirisha lake linaonekana wazi, na juu yake maneno makubwa: TUNASIKILIZA.

“Shuka langu hilo,” alisema mke wa Sekunde.

“Limetokea vizuri, mama. Sasa sisi tunachohitaji ni sahihi yako hapa, kwa niaba yake. Kwamba mmeridhika.”

“Nikitia sahihi, mtaiwasha?”

“Ukitia sahihi, mama, ndiyo haitawashwa tena. Itakuwa sharti la cheti.”

“Na nisipotia?”

Binti alitazama feni iliyosimama juu ya kichwa chake. “Hatuna hata moja lililomalizika, basi.”

*

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika kwa shemeji yake. Alikuwa mdogo wake Sekunde, mlinzi wa lango la mradi, na tangu alipopewa kofia ngumu hakuna aliyewahi kuona tena nywele zake. Alikula nayo. Watu walisema, wakimtania, kwamba analala nayo, naye hakukanusha. Walimwita Kofia.

“Shemeji,” alisema kabla hajakaa, “nasikia umekwenda kutuchafulia.”

“Karibu kwanza. Kunywa chai.”

“Chai nitakunywa. Lakini cheti kikikwama, mkataba wangu unakwama. Wa kwangu, na wa walinzi tisa. Kwa ajili ya kivuli! Watu wanagombea mashamba, wewe unagombea kivuli.”

“Kwani aliyekiomba kiondolewe ni nani? Si kaka yako?”

“Na wamekiondoa!”

“Hawajakiondoa. Njoo kesho asubuhi uone, kimelala juu ya mto wake kama paka. Wameondoa mwendo tu.”

“Sasa mwendo wa kivuli unakusaidia nini, mke wa kaka? Nieleze mimi, mtu mzima na akili zangu.”

Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

“Siku ile ya tarehe kumi na tisa,” alisema, “nilitoka kuchota maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, nikazunguka hadi kule chini, nikachelewa. Nimerudi, nimeingia chumbani, kivuli kinapita usoni kwake. Kinapita, mwanga, kinapita, mwanga. Nikamwona anafumba macho na kufumbua. Nikaona mdomo unacheza. Nikakaa hapa, nikaanza kumsimulia. Habari za bomba, habari za foleni, yule mama aliyemwagia mwenzake ndoo nzima. Naye anacheka, Kofia. Niliona anacheka. Nikasimulia mpaka kivuli kikaisha. Saa mbili kasorobo jua likapanda, uso ukatulia. Ndipo nikajua.”

Nje mtu alikuwa anapigilia msumari. Kofia alishika kikombe kwa mikono miwili asinywe.

“Daktari alisema alishaondoka tangu kabla ya saa moja,” mwanamke akamalizia. “Kwa hiyo nusu saa ile sikupewa na Mungu wala daktari. Nilipewa na Namba Tisa. Majuma yaliyobaki ya msimu ule nyumba ilijaa watu wa msiba. Nataka kukaa hapo tena, basi. Hata mara moja. Siombi kingine.”

Kofia akasema kwa sauti ndogo, “Mkaguzi nitampeleka mimi. Mgeni kama yule lazima apewe mlinzi.”

Akaondoka bila kunywa chai, na kofia yake kichwani.

*

Alhamisi saa moja kasorobo waliingia wanne: mkaguzi mbele, Tunathamini nyuma yake na fomu, fundi wa mitambo mwenye redio ya mkononi, na Kofia akifunga msafara. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kuzungumza kama anayehesabu maneno asije akazidisha. Alikuwa amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mke wa Sekunde alipompa mkono aliona mkono ule una saa ya zamani, ya kutiwa ufunguo kwa vidole, mkanda umekwisha.

“Ya baba yangu,” mkaguzi alisema, alipoona inatazamwa.

“Karibu, baba. Kaa hapo kitandani, kiti kimoja tu.”

Jua likachomoza, kivuli kikatua kwenye mto, kikakaa. Wote watano wakakitazama.

“Kama unavyoona,” alisema Tunathamini, “tunathamini sana utulivu huu. Kivuli hakisumbui tena.”

Mkaguzi akaandika. Kisha akaacha kuandika. “Nimeona kivuli kilichosimama,” alisema. “Sijaona kilichokuwa kinazunguka. Nitajuaje kwamba kilikuwepo?”

“Yapo malalamiko, mkuu.”

“Malalamiko ni karatasi. Utaratibu wetu unasema hatua yoyote ya kuondoa kero ithibitishwe kwa kupima kero yenyewe kwanza. Daktari hawezi kuandika kwamba amemponya mtu ambaye hakumwona akiumwa.” Akamgeukia fundi wa mitambo. “Iwasheni kwa dakika ishirini.”

“Lakini tumeizima kwa ajili ya cheti,” alisema Tunathamini, karibu kulia.

“Na mtaiwasha kwa ajili ya cheti,” alijibu mkaguzi, bila kuona ajabu yoyote.

Fundi wa mitambo akazungumza na redio. Mke wa Sekunde moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana anayechungulia wageni wa posa. Akavuta droo, akatoa saa ya Sekunde, ile aliyokuwa akihesabia, akaishika.

Kwanza kivuli kilitikisika. Kikajivuta, kikatoka kwenye mto polepole kama mzee anayeinuka. Kikaja kingine. Kingine. Kisha vikashika mwendo, na chumba kizima kikaanza kupumua: pazia, ukuta, fomu za Tunathamini, kofia ya njano pale mlangoni. Mkaguzi akainua mkono kuonyesha kwamba anaanza kuhesabu. Mwanamke naye akaanza, kwa mazoea tu, kama mtu anayeitikia wimbo.

Alitaka kuutazama mto. Lakini palikuwa na watu, na mmoja alikuwa anakohoa, na redio ilikuwa inakwaruza, na mkaguzi alikuwa amekalia mahali pa miguu ya marehemu. Mto ulibaki mto. Dakika ishirini zikapita hivyo, yeye akiwa na idadi kichwani badala ya alichokitaka, na redio ikasema, na Namba Tisa ikapunguza mwendo, ikasimama.

“Mia nane arobaini na moja,” alisema mkaguzi, akiandika.

“Mia nane na arobaini,” alisema mke wa Sekunde.

“Naam?”

“Ni mia nane na arobaini. Kwa dakika ishirini kamili.”

“Mama,” alinong’ona Tunathamini, “ni kimoja tu.”

Mkaguzi hakudharau kimoja. Alikuwa mtu wa kusafiri kwa ndege mbili kwa sababu ya kimoja. “Tulianza pamoja,” alisema. “Tulimaliza pamoja?”

“Mimi nilimaliza kabla yako kidogo. Wewe uliongeza kimoja kwa sababu dakika zako ni ndefu. Saa yako inachelewa, baba. Si sana. Dakika moja na nusu hivi kwa siku, ama mbili.”

Mkaguzi akatoa simu, akailinganisha na mkono wake. Masikio yakamwiva.

“Jana asubuhi niliilinganisha uwanja wa ndege,” alisema. “Sasa iko nyuma dakika mbili.” Akaitazama saa ya baba yake kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake na mgeni. “Naitumia miaka tisa kwenye ukaguzi.”

Kofia alikohoa mlangoni. “Kwa hiyo, mkuu, kipimo cha leo kimeharibika,” alisema. Hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya wakubwa, na sauti ilimtoka juu mno. “Si ndiyo?”

“Hakihesabiki,” mkaguzi alikubali. “Itabidi kirudiwe. Kesho?”

Mke wa Sekunde alikuwa ameshanyoosha mkono. “Niachie hiyo saa. Kuna kijiti kidogo ndani, kinasogezwa unywele mmoja. Nitakirekebisha, lakini saa ukishaigusa lazima uitazame siku mbili, tatu. Njoo Jumapili. Tarehe kumi na tisa.”

“Jumapili hatufanyi kazi,” alisema Tunathamini.

“Siku hiyo kivuli kinaingia vizuri zaidi,” alisema mke wa Sekunde, na hakuona aibu, kwa sababu kwake ilikuwa kweli. “Kinapita katikati kabisa ya dirisha.”

Mkaguzi akafungua ukurasa mpya. Akaandika, akisoma kwa sauti: “Ushauri wa kitaalamu kutoka kwa mkazi. Umekubaliwa.” Kisha akavua saa ya baba yake, akampa.

“Na mimi nina swali,” alisema mwanamke. “Kipimo hiki, nikitia sahihi, ndiyo mwisho?”

“Hapana. Kila mwaka mkaguzi anakuja, na kila mwaka lazima athibitishe upya. Dakika ishirini, siku ile ile, ili vipimo vifanane.”

“Siku ile ile. Kwa miaka mingapi?”

“Umri wa cheti. Imebaki miaka ishirini na miwili.”

Alipiga hesabu ya umri wake. Ikatosha, na kubaki.

*

Kwa siku tatu, droo ya Sekunde ilifunguliwa tena kwa kazi. Alifanya vile alivyomwona akifanya, kioo jichoni, pumzi imebanwa, na kwa kuwa Namba Tisa ilikuwa imesimama, mwanga ulitulia kama alivyouomba fundi miaka miwili nyuma. Hakupoteza skrubu hata moja. Aliona hilo, akatikisa kichwa.

Jumapili walikuja watatu tu. Fundi wa mitambo alibaki ofisini na redio yake, aiwashe mwenyewe ikifika saa moja na dakika kumi, maana Kofia alikuwa amemshawishi kwamba sauti ya redio inavuruga kipimo. Tunathamini alikuja na nguo zake za Jumapili. Mkaguzi akapokea saa yake, akailinganisha na simu, akailinganisha tena, akaivaa. Safari hii hakukalia kitanda. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

“Wewe utahesabu tena, mama?” aliuliza.

“Anza tu.”

Kivuli kikaja, kikashika mwendo. Kikapita kwenye mto, mwanga, kikapita, mwanga. Mke wa Sekunde akasogeza kigoda. Hakuitoa saa kwenye droo. Akainama kidogo, na kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani, akaanza kusimulia. Kwamba bomba bado halijaletwa, linashughulikiwa. Kwamba yule mama wa ndoo na mwenzake sasa ni marafiki wa chanda na pete, hata wanakera. Kwamba nyumba yao imepigwa picha na kuwekwa kwenye bango, na shuka lile la maua limeonekana mpaka kwa wale wa kitunguu. Kwamba yeye Sekunde mwenyewe, kwenye kompyuta ya mradi, bado yu hai, na ameridhika.

Pale mlangoni Kofia aliivua kofia. Chini yake palikuwa na upara mdogo, mviringo, mahali pale pale alipokuwa nao kaka yake.

Tunathamini alikuwa ametazama dirishani. Mkaguzi aliendelea kuhesabu, midomo ikicheza bila sauti, na hakumkatiza mtu.

Dakika ishirini zilipotimia aliinua mkono, halafu akaushusha. Namba Tisa haikusimama mara moja. Pale ofisini, fundi wa mitambo alikuwa hajapata ishara, kwa sababu redio ilikuwa imebaki kwake na mwenzake wa kuzungumza naye hakuwepo. Ikazunguka mpaka saa mbili kasorobo, jua lilipopanda na kivuli kikatoka chenyewe, kama zamani.

“Mia nane thelathini na sita, kwa zile ishirini,” alisema mkaguzi baada ya muda. “Na wewe, mama?”

“Leo sikuhesabu.”

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, cha mkaguzi na cha mkazi, na utaratibu ulitaka vyote viwili vijazwe, kila mmoja na hesabu yake. Mkaguzi aliviangalia. Akaitazama saa ya baba yake, ambayo sasa ilikuwa inasema kweli. Akaandika mia nane thelathini na sita kwenye kisanduku cha kwanza, na chini yake, kwa mwandiko ule ule, mia nane thelathini na sita.

Mke wa Sekunde akachukua kalamu. Penye neno “ameridhika” akatia alama, na penye sahihi ya mlalamikaji akaandika jina la mumewe, polepole, na mkia wake.